Heshima kwa Mkaguzi wa Nafasi Tupu

Majenerali wamejengewa sanamu, wanariadha wamepewa barabara, na wanasiasa wamejipa wenyewe vyote viwili. Mkaguzi wa viraka vidogo vya kerneli ya Linux hana hata kibao kwenye njia panda. Makala haya yanakusudia kuipunguza dhuluma hiyo, nayo yanaandikwa Shirere, mjini Kakamega, mahali ambapo waliofaidika na huduma yake ni wengi kuliko kaunti inavyofahamu, ingawa wao wenyewe hutumia neno jingine badala ya kufaidika.

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji: ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayozungumza na diski, inayoamua programu ipi ipate zamu kwenye prosesa. Linus Torvalds alianza kuiandika ya Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Leo ina zaidi ya mistari milioni 30 na imo ndani ya kila simu ya Android, maana yake imo mfukoni mwa mwendesha boda anayepita hapa nje akisubiri nauli iingie kwa M-Pesa. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha, na kumpelekea mtunzaji wa sehemu husika rekebisho lake, ambalo ndilo kiraka. Kabla ya kuingizwa, kiraka hukaguliwa.

Shirere wanalichukulia kwa uzito hilo neno "yeyote". Katika vyumba vya kupanga, ambako mvua ya alasiri hupiga mabati mpaka mtu hasikii simu yake ikilia, wamo vijana, wengine wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, wengine waliomaliza na wanaongoja dunia igutuke. Kijana wa namna hiyo hufungua faili ya draiva, yaani programu inayoiwezesha kerneli kuzungumza na kifaa, ya kifaa ambacho hajawahi kukiona, hata dukani, akakuta mstari umeachiwa nafasi moja tupu mwishoni. Nafasi hiyo haionekani kwa macho. Kompaila huiruka. Kifaa chenyewe, kama bado kinapatikana duniani, kitafanya kazi vilevile ikiwepo au isiwepo. Kijana anaiondoa, anaandika maelezo, anatia saini, anatuma.

Mtu wa kawaida angekipokea kiraka hicho na kwenda kulala. Mkaguzi si mtu wa kawaida.

Jibu lake la kwanza hugusa sarufi. Kijana alikuwa ameandika, kwa Kiingereza cha heshima alichofunzwa shuleni, kwamba nafasi tupu imeondolewa. Kanuni za kerneli zinataka badiliko lielezwe kwa kauli ya amri, kana kwamba mwandishi anauamrisha msimbo wenyewe: ondoa, rekebisha, badilisha. Basi mtoto wa watu aliyelelewa Kakamega, asiyethubutu kumwambia mjomba wake alete chumvi bila kutanguliza tafadhali, anatakiwa asimame mbele ya jitu la mistari milioni 30, ambalo amekutana nalo juzi, na kulipigia kelele. Malezi ya namna hii shule za kulipia hazina.

Jibu la pili huingia kwenye falsafa. Umesema ulichokifanya, hukusema kwa nini. Kwa nini mtu aondoe nafasi tupu? Kijana anakaa na swali hilo usiku kucha. Jawabu lililo karibu ni kwamba ilikuwa tupu, lakini mkaguzi hupenda sababu iliyo ndefu kidogo kuliko hiyo, mradi kila mstari wake usivuke herufi 75.

La tatu ni la sheria. Kumbe njiani kijana alikuwa amesahihisha pia neno lililokosewa tahajia kwenye mstari wa chini yake. Hayo ni mambo mawili, na kiraka kimoja hubeba jambo moja. Akigawe viwe viwili, avipe namba, avitaje kuwa toleo la pili, na chini ya vistari vitatu aeleze kilichobadilika tangu toleo la kwanza. Kufikia hapo nafasi moja tupu imeandikiwa maneno mengi kuliko barua ya kuomba kazi, na tofauti na barua ya kuomba kazi, hii hujibiwa.

"Wamekulipa?" huuliza mama mwenye nyumba, ambaye amekuwa akisikia habari za kerneli tangu kodi ya mwezi uliopita.

"Bado, mama. Wamekubali nafasi ilikuwa tupu. Sasa tunajadili nilivyoisema."

"Haya, baba. Na mimi nitakuja tujadili ulivyoikalia nyumba."

Katiba inayompa mkaguzi mamlaka haya inastahili kusomwa kwa utulivu. Kila ngazi ya msimbo husogezwa ndani kwa Tab moja, na Tab ina upana wa herufi nane. Torvalds, aliyeiandika kanuni hiyo, anawaweka wanaotaka nne au mbili kundi moja na mtu anayetaka thamani ya pai itangazwe kuwa 3. Urefu wa mstari ni herufi 80, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye kadi za kutobolewa ambazo IBM ilizitoa mwaka 1928, kabla kompyuta yoyote ya kielektroniki haijazaliwa. Ni jambo la fahari kwamba kijana wa leo, mwenye skrini pana aliyoinunua mtumba, anaukata mstari wake vipande viwili ili utoshee kwenye karatasi ngumu ya enzi za babu wa babu yake. Mwaka 2020 Torvalds alichoshwa na mistari iliyokatwakatwa, na programu ya ukaguzi iitwayo checkpatch ikaambiwa inyamaze hadi herufi 100. Ile 80 ikabaki kuwa ndiyo inayopendelewa. Hivyo mkaguzi sasa ana vipimo viwili halali, na akishika kimoja, wewe utakuwa umepimia kingine.

Checkpatch yenyewe huendeshwa na yeyote, husoma kiraka na kulalamika. Maelekezo yake yanasema waziwazi kwamba haiko sahihi daima na kwamba busara ya binadamu itangulie. Ni maelekezo ya upole mno, ndiyo sababu hakuna anayeyakumbuka.

Upande wa mitandao, ndani ya kerneli hiyohiyo, una madhehebu yake. Huko vigeu hutangazwa kuanzia mstari mrefu kushuka mpaka mfupi, mpangilio unaoitwa mti wa Krismasi uliopinduliwa. Prosesa haina habari. Haijawahi kusherehekea Krismasi. Lakini kijana akileta msimbo mpya ambao mti wake umepinda, atarudishwa. Akijifunza somo hilo vizuri, akaona mti mwingine uliopindishwa miaka iliyopita na mtu mwingine, akaleta kiraka cha kuunyosha, atarudishwa pia, kwa kuwa watunzaji wa upande huo wameandika kwamba hawavitaki viraka vya usafi mtupu visivyofuatana na kazi nyingine, na upangaji wa vigeu wameutaja kwa jina. Dhambi mpya haikubaliki. Ya kale ni urithi.

Mwaka 1957 C. Northcote Parkinson aliandika juu ya kamati inayopitisha mtambo wa nyuklia kwa dakika chache kisha inakwama kwenye banda la baiskeli, kwa sababu mtambo hakuna anayeuelewa na banda kila mjumbe ana lake la kusema. Mwaka 1999 Poul-Henning Kamp aliliazima banda hilo akawasimangia nalo wenzake wa FreeBSD, mfumo mwingine wenye msimbo wazi, walipokuwa wakizozana kama amri ya kulaza programu ipokee vipande vya sekunde. Sisi hatukuhitaji Mwingereza wala Mdenmaki kutufumbua macho. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya mazishi huku kwetu anajua kwamba jeneza, gari la maiti na bili ya hospitali hupita wakati watu bado wanatafuta viti. Sukari ya wapishi ndiyo hujadiliwa mpaka taa ya sola inazima, na aliyesema kilo kumi hasemeshani tena na aliyesema nane.

Mkaguzi wa nafasi tupu ameielewa siri hiyo. Draiva ya maelfu ya mistari iliyoletwa na kampuni kubwa inayotengeneza chipu ina wasomaji wachache wanaoweza kuifuata mpaka mwisho, na wengi wao wanalipwa na kampuni hiyohiyo. Nafasi tupu ya Shirere inaeleweka kwa kila mtu, tangu Oregon mpaka Bavaria. Humo hakuna mgeni wala mwenyeji, profesa wala mwanagenzi. Wote wanaweza kuwa na maoni, na wanayo. Sijui taasisi nyingine ya kimataifa iliyofikia usawa wa namna hii.

Wanaomwita msumbufu wasome historia kwanza. Novemba 2003 mtu ambaye hajajulikana hadi leo alichomeka mistari miwili kwenye nakala ya msimbo wa kerneli. Palipostahili alama mbili za usawa, ambazo hulinganisha, aliweka moja, ambayo hubandika thamani mpya; na kwa alama hiyo moja iliyopungua, mwenye kuijua siri angeweza kujifanya mkuu wa mashine nzima. Nani mwingine angeliona pengo dogo kiasi hicho kama si mkaguzi wetu? Ni kweli kwamba siku hiyo aliyeligundua hakuwa yeye. Ulikuwa ulinganishaji wa kawaida kati ya nakala hiyo na hifadhi kuu, uliokuta badiliko lisilo na kumbukumbu ya kibali. Hili halimpunguzii heshima. Mistari ile haikupitia mikononi mwake, na ingepitia, angalau angeuliza kuhusu Tab.

Tena kuna ya Debian, mfumo unaojengwa juu ya kerneli hiyo, kisa ambacho si cha kerneli yenyewe ila ni cha ukoo mmoja. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, kinachotengeneza funguo za siri, huko Debian alisafisha. Vifaa vya kukagua kumbukumbu vilikuwa vinalalamikia msimbo fulani, naye akauondoa ili vinyamaze, kwa nia njema kabisa. Kumbe msimbo huo ndio uliokuwa ukikoroga bahati nasibu ambayo funguo za siri hutengenezwa nayo. Kilichobaki cha kukisia kilikuwa namba ya mchakato wa programu, na namba hizo kwa kawaida ni 32,768 tu. Kwa karibu miaka miwili mashine za Debian na jamaa zake, Ubuntu ikiwemo, zilitengeneza funguo ambazo mtu mwenye subira angeweza kuzichonga zote akaziweka kabatini. Luciano Bello alipoligundua jambo hilo, likatangazwa Mei 2008, watu ulimwengu mzima walianza kubadilisha makufuli. Usafi huo ulipita bila mtu kuuliza vya kutosha kwa nini. Kijana wa Shirere anayeulizwa kwa nini kuhusu nafasi tupu analipa deni la 2006, pamoja na riba.

Deni la pili analolipa ni la Minnesota. Watafiti wa chuo kikuu cha huko waliamua kupima kama inawezekana kuipenyezea kerneli kasoro kwa viraka vidogo vinavyofanana na marekebisho mema, bila kuwaambia wakaguzi kwamba wao ndio panya wa maabara. Aprili 2021 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu, alipoletewa viraka vingine vya mashaka kutoka huko, aliifungia milango jumuiya nzima ya chuo hicho, na viraka 435 vilivyowahi kutoka kwao vikapitiwa upya kimoja kimoja. Vingi vilikuwa safi. Watafiti waliomba radhi na kuyaondoa makala yao ya utafiti. Tangu hapo, kiraka kidogo kilichoandikwa kwa adabu na mtu asiyejulikana kina harufu yake. Kijana wa Shirere ni mtu asiyejulikana, ameandika kwa adabu, na kiraka chake hakiwezi kuwa kidogo zaidi ya hapo. Anatimiza masharti yote.

Mtu atauliza kwa nini basi asianzie kwingine. Ametumwa huko. Tangu 2008 kerneli ina ua wa nyuma uitwao staging, anaoutunza Kroah-Hartman huyohuyo, ambamo draiva ambazo hazijafikia kiwango huwekwa zisafishwe taratibu. Humo wageni huelekezwa waanze kuzoeza mikono yao. Mpango wa Outreachy, unaowapa nafasi za mafunzo watu wasiowakilishwa vya kutosha kwenye kazi hizi, umewafungulia Wakenya mlango. Posho yake ni dola 7,000, na anayetaka kufanyia mafunzo kwenye kerneli hutakiwa kwanza aonyeshe viraka. Fikiri mwenyewe: dola 7,000 upande mmoja, nafasi tupu upande wa pili. Wakati wa maombi hufika siku nafasi moja ikaondolewa na watu kadhaa kutoka mabara tofauti, na wa Shirere, aliyekuwa anangoja stima irudi, akaambiwa asante, mwenzako ametangulia.

Uchafu wa staging ni rasilimali inayohitaji hifadhi kama msitu wa Kakamega. Wakati mwingine hukatwa. Mfumo wa faili wa Lustre uliingizwa humo mwaka 2013, ukasafishwa na mikono mingi, nafasi baada ya nafasi, mabano baada ya mabano, mpaka 2018 ulipotolewa wote kwenye kerneli, pamoja na usafi wake. Kuna waliopata ajira kwa sababu ya viraka vile. Nafasi walizoziondoa sasa zimeondolewa mara mbili.

Humo humo kwenye nyaraka za kerneli kuna ukurasa unaosema kwamba wageni wanaoanza kwa kurekebisha tahajia na mitindo midogo huzua kelele zinazowasumbua wengine, na kwamba viraka vyao vinazidi kutazamwa kwa jicho la dharau. Ukurasa huo unamleta Andrew Morton, mkongwe wa kerneli, ambaye shauri lake ni kwamba kazi ya kwanza ya mwanafunzi iwe kuhakikisha kerneli inafanya kazi barabara, wakati wote, kwenye kila mashine anayoweza kuifikia. Kijana amezitazama mashine anazoweza kuzifikia. Ipo moja, na chaja yake ameiazima.

Hapa nilegeze kamba kidogo, maana sifa zikizidi hugeuka matusi. Mkaguzi ana hoja. Kila kiraka, kiwe cha nafasi moja au cha mistari elfu, kinapaswa kufunguliwa, kusomwa, kujaribiwa na kujibiwa na mtu, na watu hao hawatoshi. Anayesafisha mstari hubaki kwenye kumbukumbu kama mtu wa mwisho kuugusa, hivyo anayetafuta baadaye nani alileta kasoro humkuta kwanza msafishaji amesimama mlangoni. Tena kasoro halisi ikipatikana, rekebisho lake hupelekwa pia kwenye matoleo ya zamani ambayo watu bado wanayatumia; huko mistari haijasafishwa, rekebisho halikai, na mtu hulazimika kulishona upya kwa mkono usiku wa manane. Ndiyo kusema nafasi tupu iliyoondolewa Shirere inaweza kumkosesha usingizi mhandisi wa Ujerumani miaka mitatu baadaye. Si wengi katika kata yetu wenye mkono mrefu kiasi hicho.

Kwa hiyo ninapendekeza aalikwe. Aje Kakamega, tumwambie mulembe, tumwandalie kuku na mrenda, na kama kuna kamati ya mazishi inayokaa wiki hiyo, na kwa kawaida ipo, apewe kiti karibu na mweka hazina. Najua atauliza kwa nini sukari ni kilo kumi. Najua ataomba hoja ya sukari na hoja ya majani ya chai zitenganishwe, kila moja ipewe namba yake, na mwenyekiti aseme "nunueni" badala ya "tumeonelea inunuliwe". Akimaliza, wajumbe wataombwa wajipange upya kwenye benchi kuanzia mrefu kushuka mpaka mfupi. Wazee wetu wamezoea kamati. Watasimama, watapimana mabega, na mmoja wao atauliza kama kofia inahesabiwa.